Mikanda Iliyobaki Stoo: Hotuba juu ya Kukusanya, Kutunza na Kukarabati Filamu Visiwani

Assalaam alaykum.

Waheshimiwa viongozi, wazee wetu, walimu, wanafunzi wa skuli na vyuo, na ndugu zangu nyote mliofika jioni hii hapa Mji Mkongwe,

Nimeombwa nieleze namna hifadhi za filamu duniani zinavyokusanya, kutunza na kukarabati picha za sinema, na nimekubali kwa sababu naamini sisi wa Unguja na Pemba tunalihitaji jambo hili kuliko tunavyodhani. Wengi wakisikia habari za kukarabati filamu hufikiria kwanza kompyuta kubwa zinazofuta mikwaruzo na kuzipa picha kuukuu sura mpya. Mashine hizo zipo na nitazitaja. Lakini nimekuja kusema kwamba kazi ya hifadhi, kwa sehemu yake kubwa, ni kuuweka mkanda wa asili mahali pakavu na pa baridi, na kuandika kilichomo ndani yake wakati wanaokijua wangali hai. Mkanda ukishaoza hakuna kompyuta itakayourudisha, na mkanda mzima usiojulikana ni wa nani, wapi na lini, hauwafai watu wake.

Visiwa hivi si vigeni wa sinema. Jumba la Royal lilijengwa pale Vuga mwaka 1921, likaungua mwaka 1953, na mahali pake likasimama jumba jipya lililofunguliwa mwaka 1955 kwa jina la Majestic. Wazee waliomo humu wanalikumbuka vyema, kama wanavyoikumbuka Empire pale Darajani na Cine Afrique. Wanakumbuka foleni za sikukuu, maonyesho ya wanawake peke yao, na nyimbo za Kihindi zilizojulikana kwa moyo na watu wasiojua hata neno moja la lugha yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tukaanzisha televisheni ya rangi, wakati nchi nyingi za bara letu hazijafika huko. Tangu mwaka 1998 tunalo tamasha la filamu la nchi za jahazi, ambalo kila mwaka huwaleta watengenezaji filamu pale Ngome Kongwe. Karne nzima, basi, picha zimekuwa zikiingia, zikipigwa na zikionyeshwa hapa. Kiasi gani cha picha hizo kimebaki mikononi mwetu ni jambo linalopaswa kutunyima usingizi.

Niruhusuni nianze na mkanda wenyewe, kwa kuwa asiyeujua mkanda hawezi kuutunza.

Filamu za mwanzo, tangu miaka ya 1890 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilichapishwa juu ya plastiki iitwayo nitrati ya selulosi. Picha zake ni nzuri mno, zenye weupe unaong'aa na weusi ulioshiba, lakini ni kitu cha hatari. Nitrati ikishika moto hutoa oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo huendelea kuwaka hata ikizamishwa majini. Mwezi wa Julai 1937, katika siku za joto kali, ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliwaka kwa sababu ya nitrati iliyoanza kuoza, na filamu nyingi za kimya za kampuni hiyo zikateketea kwa siku moja. Ghala la filamu la taifa la Mexico liliungua mwaka 1982. Jengo la hifadhi ya filamu ya Brazil mjini São Paulo liliungua mwaka 2021, jana tu kwa hesabu ya watu wa kazi yetu. Mtu akikuta mkanda wa zamani sana, unaonata, wenye harufu kali isiyo ya kawaida na vumbi la rangi ya kahawia ndani ya kopo, asiuguse, asiufungue karibu na moto wala sigara, bali awaite wenye ujuzi.

Baada ya nitrati ikaja asetati, iliyoitwa filamu salama kwa sababu haiwaki kwa urahisi. Hiyo ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi hapa kwetu, nayo ina maradhi yake. Chukueni kopo moja la bati la mkanda wa milimita 16, lililokaa juu ya kabati kwa miaka mingi. Kifuniko kimeshika kutu pembezoni, na ukikilegeza kwa upole, kabla hujaona chochote, pua inapigwa na harufu ya siki. Harufu hiyo ndiyo habari yenyewe. Plastiki imeanza kuvunjika na kutoa asidi ya asetiki, ile ile iliyomo katika siki ya jikoni. Ndani utakuta mkanda umepinda, hauketi bapa tena, na pengine pembeni pana chembe nyeupe mfano wa unga. Hiyo ni dawa iliyotiwa katika plastiki kuifanya laini, sasa inajitokeza nje. Ukiupima kwa kipimo cha matundu ya pembeni utaona umesinyaa. Mkanda uliosinyaa kufikia asilimia 1 ya urefu wake kwa kawaida haupitishwi tena kwenye projekta, kwa sababu meno ya mashine hayaingii sawasawa katika matundu, na yatauchana.

Asidi inayotoka huharakisha uozo wa mkanda uliyoitoa, na mvuke wake huishambulia mikanda ya jirani. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote, na katika kabati la filamu maneno hayo ni kweli tupu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtunzaji anapopokea shehena ya makopo ni kuyatenga yanayonuka na yasiyonuka. Taasisi moja ya utafiti iliyoko Rochester, Marekani, hutengeneza vipande vya karatasi vya rangi ya buluu vinavyowekwa ndani ya kopo. Kadiri asidi inavyokuwa nyingi, karatasi hugeuka kijani, kisha njano. Kwa karatasi hiyo ya bei nafuu mtunzaji hujua ni mkanda upi unakiliwe mwaka huu na upi unaweza kusubiri.

Rangi nayo ina mkasa wake. Filamu nyingi za rangi zilizochapishwa kati ya miaka ya 1950 na mwisho wa miaka ya 1970 zimepoteza wino wa buluu na wa njano, zikabaki na wekundu mtupu: bahari nyekundu, minazi myekundu, nyuso nyekundu. Mpiga picha hakutaka hivyo, wala mwenye projekta hakukosea; wino umefifia kwa joto na miaka. Ipo pia mikanda ya poliesta, migumu na isiyotoa siki, na juu yake ndipo hifadhi nyingi hupenda kuchapisha nakala mpya zinapokuwa na uwezo.

Sasa nije kwenye joto, maana hapa ndipo Zanzibar inapoingia kwa uzito wote.

Watafiti wa Rochester wamekadiria kwamba filamu mpya ya asetati ikiwekwa katika nyuzi joto 21 na unyevu wa hewa wa asilimia 50 itaanza kutoa siki baada ya miaka kama 40. Joto na unyevu vikishuka, muda huo hurefuka sana. Katika chumba chenye ubaridi wa friji mkanda unaweza kukaa karne kadhaa. Vikipanda, muda hupungua. Nani katika ukumbi huu ana chumba kinachokaa nyuzi 21 usiku na mchana, masika na kiangazi? Kaskazi ikivuma hapa tunapindukia nyuzi 30, na unyevu wetu hupita asilimia 75 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua za masika zikishika, ukungu huota juu ya viatu kabatini, sembuse juu ya filamu, ambayo picha yake imeshikizwa kwa jelatini, yaani kitu kinachotokana na mifupa na ngozi za wanyama, chakula kizuri cha ukungu. Kwa hiyo filamu iliyopigwa mwaka 1965 ikabaki katika stoo ya Ng'ambo au ya Wete imeshapita umri wake. Kila mwaka tunaosema tutaliangalia mwakani, ni mwaka tunaoukata katika maisha ya picha hizo.

Hifadhi kubwa za Ulaya na Marekani hujenga ghala zenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri, na mimi siombi tujenge ghala la namna hiyo kesho. Ninaomba tujue kwamba ipo njia ya watu wasio na fedha nyingi, nayo imejaribiwa. Mkanda uliokwisha kukaushwa hufungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, kati ya mfuko na mfuko ikatiwa kadi inayoonyesha unyevu, kisha ukawekwa katika friza la kawaida, lile lile linalouzwa Darajani. Ukihitajika, hutolewa na kuachwa siku nzima bila kufunguliwa mpaka upate joto la chumba, ili mvuke usigande juu ya picha. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa mkanda uliofungwa vizuri haudhuriki. Lakini sisi tunajua umeme unaweza kukatika zaidi ya hapo. Kuanzia Disemba 2009 Unguja nzima ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme kutoka gridi. Anayepanga hifadhi katika visiwa vinavyopokea umeme kwa waya unaopita chini ya bahari ni lazima atenge fedha za jenereta na mafuta yake siku ile ile anayotenga fedha za friza, na nakala ya pili iwekwe mahali pengine kabisa, Pemba kama ya kwanza iko Unguja, au Unguja kama ya kwanza iko Pemba. Tarehe 25 Disemba 2020 tuliliona Jumba la Maajabu likiporomoka upande mmoja mchana kweupe. Jengo lolote linaweza kuanguka, na kila kitu kikiwekwa chini ya paa moja, siku ya paa hilo ndiyo siku ya vyote.

Nirudi nyuma kidogo kwenye ukusanyaji. Wazo la kutunza filamu ni la zamani kiasi cha kushangaza. Mwaka 1898, miaka mitatu tu baada ya ndugu Lumière kuonyesha sinema yao ya kwanza ya kulipia mjini Paris, mpiga picha wa Kipolandi aitwaye Bolesław Matuszewski alichapa kijitabu akitaka pajengwe ghala la filamu, kwa hoja kwamba picha jongevu ni ushahidi wa historia. Hakusikilizwa. Hifadhi za kweli zilianza miaka ya 1930, na mwaka 1938 nne kati yake, za Paris, London, New York na Berlin, ziliunda shirikisho la kimataifa linaloendelea hadi leo kwa jina la FIAF. Katika miaka hiyo ya kungoja, hasara ilikuwa kubwa. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 uligundua kwamba kati ya filamu ndefu za kimya karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la asili. Nyingine ziliungua au zilioza, na nyingine ziliyeyushwa makusudi ili kuyapata tena madini ya fedha yaliyomo ndani ya picha, kwa kuwa wenyewe waliziona hazina faida tena.

Zilizopatikana baadaye zilipatikana wapi? Mara nyingi mbali, mwisho wa njia. Mwaka 1978 mtambo wa kuchimba ulifukua mikanda 533 katika mji mdogo wa Dawson, kaskazini ya Canada. Mji huo ulikuwa kituo cha mwisho cha usambazaji. Filamu zikifika zimeshaonyeshwa kila mahali, na kuzirudisha kulikuwa na gharama kuliko thamani yake, basi zikatumiwa kufukia bwawa la kuogelea, na ardhi yenye barafu ya kudumu ikazitunza. Mwaka 2008, huko Buenos Aires, ikapatikana nakala ya milimita 16 ya Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927, ikiwa na sehemu ndefu ambazo kwa miaka 80 ziliaminika kuwa zimepotea. Nakala ilikuwa imekwaruzika vibaya, lakini ilikuwa na picha ambazo hazikuwapo kwingine kokote, na filamu iliyokarabatiwa kwa msaada wake ilionyeshwa mwaka 2010.

Naomba tuipime hali ya kwetu kwa mifano hiyo. Zanzibar nayo ilikuwa mwisho wa njia. Filamu za Bombay na za Cairo zilikuja kwa meli, zikaonyeshwa mjini, nyingine zikavuka hadi Pemba, na haikuwa kila kopo lililopandishwa meli kurudi. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara ya mwaka 1931, haina nakala hata moja inayojulikana duniani. Sisemi iko hapa. Ninasema kwamba mtu anayesafisha stoo ya duka la zamani na kukuta makopo yenye maandishi ya Kigujarati au ya Kiarabu hana haki ya kudhani ni takataka, kwa sababu watu wa Dawson nao walidhani hivyo.

Lakini zaidi ya filamu za wengine zilizopita kwetu, zipo za kwetu zilizokwenda kwa wengine. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walifanya jaribio la sinema ya elimu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, wakatengeneza filamu 35 kwa ajili ya Waafrika wa mashariki na kati. Zinazojulikana kubaki ni tatu tu, nazo ziko London. Mwaka 2014 kampuni ya British Pathé iliweka filamu zake 85,000 kwenye YouTube, na mtu yeyote humu akiandika neno Zanzibar kwenye simu yake ataziona barabara zetu za zamani sasa hivi. Tunashukuru kuziona, ila maelezo yaliyoandikwa chini yake yametaja majina ya magavana na ya wageni wao, na wenyeji wameandikwa umati tu.

Na kuna zilizo nzito zaidi. Picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Unguja mwezi wa Januari 1964 ziliingizwa katika filamu ya Kiitaliano iliyotoka mwaka 1966, na sauti ya msimulizi iliyowekwa juu yake imejaa dharau kwa Waafrika. Tutazungumza habari za mwezi ule kwa njia mbalimbali, kila mtu kwa uchungu wake, na mimi si mwanasiasa wala mwamuzi. Kama mtunzaji, ninachotaka ni mikanda ghafi, yaani picha zote kama zilivyotoka kwenye kamera kabla ya kukatwa na kuunganishwa, pamoja na alama zake za pembeni, ili mtafiti aweze kuuliza nini kilipigwa, wapi, kwa mpangilio gani, na nini kiliachwa. Filamu iliyohaririwa inatuambia mtengenezaji alitaka tufikiri nini. Mkanda ghafi ndio unaoturuhusu kumhoji.

Nimetaja alama za pembeni, na nataka vijana wanaopenda kazi hii wazijue. Kwenye ukingo wa mkanda, nje ya matundu, kampuni ya Kodak ilichapa maumbo madogo, duara, mraba na pembetatu, yanayoonyesha mwaka plastiki ilipotengenezwa. Mpangilio huo ulirudiwa kila baada ya miaka 20, kwa hiyo duara moja linaweza kuwa 1936, 1956 au 1976. Mtunzaji haishii hapo: hutazama kama neno la Kiingereza la usalama limechapwa ukingoni, hutazama kama mkanda una njia ya sauti, magari yaliyomo barabarani, bendera iliyo juu ya jengo, mtindo wa mabuibui, kisha ndipo husema, kwa tahadhari, kwamba picha hizi ni za wakati fulani. Ni kazi ya subira, na huifurahisha roho kama kazi nyingine chache zinavyoweza.

Ukarabati wenyewe unakwendaje? Kwanza hutafutwa kila nakala iliyopo, maana negativu ya asili, yaani mkanda uliopita ndani ya kamera, inaweza kukosa kipande kilichomo katika nakala mbovu ya nchi nyingine. Mikanda hukaguliwa kwa mkono juu ya meza yenye taa, mita kwa mita. Matundu yaliyochanika huzibwa, viungo vilivyoachia huunganishwa upya, uchafu husafishwa. Kisha mkanda hupitishwa katika skana inayopiga kila fremu, yaani kila picha moja ya mkanda, peke yake, na nyingine huuzamisha mkanda katika kimiminika maalumu wakati wa kupiga ili mikwaruzo ya juu juu isionekane. Baada ya hapo ndipo kompyuta inapoingia: kutuliza picha inayotikisika, kuondoa madoa, kusawazisha mwanga, kurudisha rangi. Hapa hifadhi nzuri hutofautiana na ya ovyo. Iliyo nzuri huandika kila ilichobadilisha, hurejea karatasi na ushuhuda wa mpiga picha kama zipo, na hujizuia. Filamu ya mwaka 1955 haikuwa na ung'avu wa simu ya leo na haipaswi kupewa. Chembechembe zinazocheza katika picha ni umbile lake, na mwenye kuzifuta zote ametengeneza kitu kingine.

Ipo juhudi ya bara letu iliyoanza mwaka 2017, ya shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, UNESCO na taasisi iliyoanzishwa na mtengenezaji filamu wa Marekani, Martin Scorsese, iliyolenga kwanza filamu 50 za Kiafrika. Kazi ya maabara hufanywa kwa kiasi kikubwa Bologna, Italia. Nimeziona baadhi ya filamu hizo, na ubora wake hauna shaka. Hata hivyo natamani tuwe na vijana wetu wanaokwenda kujifunza pale wakarudi, ili siku zijazo mkanda wetu usafiri kwa hiari yetu, kwa mkataba unaosema nani ni mwenyewe na unarudi lini.

Kuhusu dijitali nina onyo moja, na nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimewahi kuona mikanda ikitiwa jaani baada ya kunakiliwa kwenye diski: nakala ya kompyuta si mbadala wa mkanda. Filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Ikipigwa kwa ubora wa 4K bila kubanwa huchukua zaidi ya terabaiti 6. Data hizo zinahitaji nakala mbili au tatu, zinahitaji kukaguliwa, na kila baada ya miaka michache zinahitaji kuhamishwa kwenye chombo kipya, kwa sababu mashine ya kusoma chombo cha zamani haitengenezwi tena. Mkanda uliokaa pakavu na pa baridi unasubiri. Skana za mwaka 2000 zilikuwa dhaifu kuliko za leo, na walioutupa mkanda baada ya kuunakili mwaka 2000 wamebaki na udhaifu huo milele. Nakilini ili watu waone, na mkanda ubakie.

Kwa kanda za video hali ni kinyume chake. Pale ndipo haraka inapotakiwa kweli. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha walitoa tahadhari kwamba kufikia mwaka 2025 au karibu yake kucheza kanda za sumaku kungekuwa kugumu au kusiwezekane, kwa uhaba wa mashine, vipuri na mafundi. Vipindi vyetu vya televisheni vya miongo ya mwanzo, taarab zilizorekodiwa, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, harusi za familia zilizomo katika kanda za VHS, vyote viko katika kundi hilo. Deki inayofanya kazi leo ni mali. Asiitupe mtu, na fundi mzee anayejua kubadilisha kichwa chake apewe vijana wa kuwafundisha mwaka huu huu.

Mwisho wa kazi yote hii ni maelezo, nami nayaweka mbele ya mashine zote. Chukueni mkanda wa kimya wa dakika tatu, wa milimita 8, uliopigwa na familia moja pale Forodhani. Wanapita watu, mwanamke anamnyooshea mkono mtoto, mzee mwenye kofia anageuka na kucheka. Mtaalamu wa Bologna anaweza kuuondolea kila mkwaruzo na asijue chochote juu yake. Bibi wa miaka 80 wa Kikwajuni akikaa mbele ya skrini kwa nusu saa anaweza kusema yule ni fulani bin fulani, alikuwa akiuza kahawa pale, na ile nyumba nyuma yake ilivunjwa mwaka fulani. Maneno yake yakirekodiwa na kuandikwa pamoja na namba ya mkanda, picha zile zimeingia katika historia. Kwa hiyo napendekeza kwamba kabla ya kununua skana yoyote, tuanze na vikao vya kuwaonyesha wazee nakala tulizonazo, shehia kwa shehia, tukianzia Pemba ambako mara nyingi tunafika mwisho, na kila kikao kiwe na mwandishi wake. Ikiwa Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu, Shirika la Utangazaji na chuo kikuu chetu watakubaliana juu ya fomu moja ya maelezo, vikao hivyo vinaweza kuanza kwa projekta ya kawaida na daftari.

Mezani karibu na mlango zipo fomu, kwa wale walioniambia kabla ya kikao kwamba wana makopo nyumbani. Fomu inauliza mkanda ulikaa wapi, nani aliupiga au aliununua, unanuka siki au haunuki, na nani katika familia anaweza kuwatambua waliomo. Msiupitishe kwenye projekta ya zamani ili kuangalia kilichomo, msiufute kwa kitambaa cha maji, na msiufunge ndani ya mfuko wa plastiki kama haujakaushwa. Wekeni kopo mahali penye kivuli, lililale na lisisimame, mbali na jiko na mbali na dari ya bati, mpaka tuje kuliangalia. Sasa nayakaribisha maswali.